Hina Ukutani

Penye doa sipo penye tundu. Mlimsikia mwenyekiti wa mtaa akiyasema hayo jana kikaoni, mkatazamana, na njiani Mwanaisha akaniuliza kama hiyo ni methali au ni maneno ya mafundi. Ni yote mawili. Ilianza kwa mafundi ikaishia kwetu, na haikuanza mbali. Shikeni nyungo zenu tuchambue mchele huku nikiwaeleza ilikotoka. Msikae mkitarajia nijisifu, maana katika watu waliokuwamo mimi ni mmoja, na sikuwa mwema kuliko wengine.

Barabara ya kumi na saba, hapa hapa Ngamiani, kulikuwa na mama mmoja akiitwa Bi Shamsa. Alikuwa mjane wa karani wa reli. Mumewe alimwachia nyumba ya vyumba vitatu, na Mungu hakuwajalia mtoto. Chumba kimoja alilala mwenyewe. Cha pili kilijaa makasha ya marehemu, ambayo hakuna aliyethubutu kuyagusa. Cha tatu, cha upande wa uani, alikaa mpangaji wake aitwaye Tausi, mwanamke wa makamo kutoka Handeni, kazi yake udobi. Sisi sote tulimpelekea Tausi nguo zetu. Shuka zake zilirudi nyeupe hata ukaona haya kuzilalia.

Tausi alikaa nyumba ile miaka tisa. Hawakuwa ndugu, wala hawakula chungu kimoja kila siku. Lakini kila alfajiri, kabla hajatoka kuchota maji, Tausi aligonga ukuta uliowatenga kwa kidole na kuuliza, "Bi, umeamka?" Naye Bi Shamsa hujibu, "Nimeamka, mwanangu." Basi, hayo tu. Na kila mwezi Tausi alimkalisha kwenye kigoda uani akampaka hina kichwani, kwa sababu mvi zilikuwa zimemjaa na Bi Shamsa alikuwa mwanamke wa kujipenda. Hina yake aliichanganya na ndimu na karafuu nyingi kupita kiasi. Ukipita barabarani ulijua leo ni siku ya kichwa cha Bi Shamsa.

Sasa, miaka miwili kabla ya mambo haya, Bi Shamsa alichoka kuvuka ua na ndoo kila anapotaka kuoga. Akaita fundi, akakata kipande cha chumba chake, akajengewa bafu lake la ndani. Tausi akaendelea kuoga kwenye bafu la uani kama zamani. Fundi yule alipomaliza, Bi Shamsa alimwuliza bomba la maji machafu limepita wapi. Akamjibu kwamba limepita chini ya sakafu, chini kabisa, asiwe na wasiwasi. Naye akaamini, maana sakafu haifunuliwi ikatazamwa.

Masika ya mwaka ule yalikuwa mabaya. Nguo hazikukauka wiki nzima, na madobi wote wa mji walikuwa na vilio. Tausi akaanza kuingiza nguo mbichi chumbani kwake, akazitundika kwenye kamba kutoka dirishani hadi mlangoni, na chini yake akaweka karai la kukingia maji. Karai lile alilikalisha pembeni, kwenye kona ya ukuta wa uani. Na kwenye kona hiyo hiyo, juu kidogo ya karai, likatokea doa.

Mwanzoni lilikuwa dogo tu. Wiki ya pili plasta ikavimba, chokaa ikaanza kubanduka, na chumba kikanuka uvundo. Tausi mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwambia mwenye nyumba. Wala hakuficha. Bi Shamsa akaingia, akaliona doa, akaliona karai, akaziona nguo zinazochuruzika, akajumlisha. Na nyinyi mngejumlisha vivyo hivyo, msijifanye malaika.

"Tausi, unaniozeshea ukuta," alisema.

"Si maji yangu, Bi. Karai halijawahi kujaa, na chini ni pakavu."

"Basi ni ya nani? Chumba hiki unakaa na nani mwingine?"

Tausi akaacha kutundika nguo ndani. Akawa analala na njaa siku za mvua kuliko kuingiza shuka mbichi chumbani. Doa likazidi. Bi Shamsa akaona huyu mtu anamfanyia ukaidi, anaingiza nguo usiku na kuzitoa asubuhi. Mtu akishakuwa mwongo machoni pako, hata ukweli wake unauona ni ujanja.

Ijumaa moja tulikuwa uani pale wanawake sita, tumekwenda kuchukua nguo zetu. Mimi nilikuwa na mimba ya mama yenu, nimeshika shuka zangu mbili mkononi. Bi Shamsa akatoka mlangoni, akalianzisha mbele yetu. Nadhani alitaka mashahidi. Tausi alikuwa amechuchumaa kwenye beseni, mikono imejaa povu. Alisimama, akanyoosha kidole juu.

"Wallahi, Bi, si maji yangu."

Pale ndipo Bi Shamsa alipokosea, na alikosea vibaya. Angeweza kusema, "Haya, tutaona." Badala yake alisema, "Usimtaje Mungu kwa ajili ya karai la maji. Umeapa uongo mbele za watu, na mtu anayeapa uongo silali naye nyumba moja."

Tausi alitutazama sisi. Alitutazama mmoja mmoja, kwa zamu, akingoja walau mmoja aseme neno. Tulikuwa tunamjua miaka tisa. Alikuwa ameturudishia vipuli tulivyosahau mifukoni, na shilingi, na kututunzia siri ambazo dobi huzijua za nyumba za watu. Hakuna aliyesema kitu. Mimi nilizikunja shuka zangu vizuri zaidi, kana kwamba hazikuwa zimekunjwa.

Kesho yake Tausi alihama na beseni zake, akaenda mtaa wa Mabawa. Na kwa kuwa neno limesemwa mbele ya wanawake sita, mtaa mzima ulilijua kabla ya adhuhuri. Dobi aliyekula yamini ya uongo, nani atampa nguo zake? Wiki iliyofuata nilizipeleka zangu kwa dobi mwingine. Zilirudi na rangi ya kijivu, nikanyamaza.

Bi Shamsa akabaki peke yake.

Siku za kwanza alijiona ameshinda. Alifua mwenyewe, akafagia chumba cha Tausi, akakifungulia madirisha upepo upite. Alisema ukuta ukishatema maji yake ya zamani utakauka, naye atapata mpangaji mwingine mwenye adabu. Watu watatu walikuja kukitazama chumba. Wote watatu waliinua pua, wakasema watarudi.

Baadaye, wakati alipokuwa tayari kuyasema mambo haya, alinieleza jinsi miezi ile ilivyokuwa. Alfajiri aliamka akalala kimya akisubiri. Alijua kwamba hakuna mtu upande wa pili, alijua sana, lakini sikio lilikuwa na mazoea yake. Mara nyingine alijibu, "Nimeamka," kwa sauti, kisha akaona aibu peke yake chumbani. Alipika wali ukazidi, akaumwaga. Jioni alikuwa akikaa mlangoni akitusalimu tunaopita, nasi tulimjibu vizuri tukaendelea na safari zetu, kwa sababu kila mtu ana kwake. Kuna siku alizungumza na muuza mkaa, na hiyo ndiyo sauti pekee aliyoisikia ikimwelekea yeye tangu asubuhi hadi usiku.

Na doa je? Halikukauka. Alilipaka chokaa mara ya kwanza, likarudi. Akalipaka tena. Mvua zilikwisha, jua la kipupwe likapiga, kuta za mji mzima zikakauka kama mkate wa juzi, na doa lile likabaki bichi. Bi Shamsa akasema huo ni unyevu wa Tausi uliojificha ndani. Tausi alikuwa ameondoka miezi mitatu, lakini bado alikuwa na kesi ya kujibu. Nawaambia, wanangu, ni rahisi kumshitaki mtu asiyekuwepo.

Ramadhani ikaingia, ikatoka. Siku mbili kabla ya Idi, Bi Shamsa akajitazama kwenye kioo, akaona mvi zimeshuka hadi masikioni. Akasema Idi haiwezi kunikuta hivi. Akasaga hina yake, akaikamulia ndimu, akatia karafuu kama kawaida, akakaa kigodani uani. Lakini mkono wa mtu haufiki kisogoni kwake mwenyewe. Alijaribu huku na huku, hina ikamdondokea shingoni, ikamwingia mgongoni, nyingine ikaanguka sakafuni. Alitengeneza bakuli la pili. Alilia huku anajipaka, si kwa sababu ya hina. Alipomaliza kungoja ikolee, akaingia bafuni kwake akaiosha, na maji mekundu mengi yakashuka kwenye mdomo wa bomba, ndoo nne nzima.

Siku ya Idi tulimpelekea sahani za pilau na biriani, kama desturi. Tulizifikisha mlangoni. Hakuna aliyekaa kula naye. Alasiri, kwa kukosa la kufanya, akachukua ufagio aende kufagia kile chumba kitupu.

Alipofungua mlango alisimama. Doa lilikuwa limebadilika rangi. Lilikuwa jekundu la kutu, bichi, na linachuruzika mpaka sakafuni. Alidhani ni damu. Alisoma dua alizozijua, kisha akasogea, akagusa, akapeleka kidole puani.

Karafuu.

Mji huu una wanawake wengi wanaopaka hina, lakini mwenye kutia karafuu kiasi kile alikuwa mmoja. Alikaa chini pale pale juu ya sakafu, na ufagio wake mkononi, amevaa nguo zake za Idi. Alikuwa anayatazama maji yake mwenyewe. Aliniambia kwamba kitu cha kwanza kilichomjia hakikuwa bomba wala gharama wala fundi. Kilikuwa kile kidole cha Tausi, chenye povu, kilichonyooshwa juu.

Baada ya Idi akaja fundi mwingine, Fundi Mgaza wa Muheza, mzee mfupi asiye na maneno mengi. Bi Shamsa akampeleka moja kwa moja hadi kwenye kona, akamwonyesha doa.

"Vunja hapa," alimwambia. "Vunja uniondolee."

Fundi Mgaza akalitazama lile doa jekundu, akacheka kidogo. "Mama, nani aliyekufundisha kutia rangi? Sisi hutia buluu ya kufulia, tukaona itatokea wapi. Wewe umetia hina."

"Sikutia kwa makusudi. Vunja basi."

"Hapa sivunji."

"Fundi, si unaliona doa?"

"Naliona. Lakini penye doa sipo penye tundu, Mama. Hapa ndipo maji yalipochoka kutembea. Hapa ndipo yalipotokea, siko yalikotoka."

Akaweka kiganja ukutani, akaanza kurudi nyuma polepole kutoka kwenye kona, akigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Bi Shamsa alisema mgongo wake ulisisimka aliposikia kugongwa, kwa kuwa ukuta ule ulikuwa haujagongwa tangu siku nyingi. Fundi akagonga, akasogea, akagonga, akasogea. Akaupita ukuta wote wa chumba cha Tausi, hatua tano, hadi kwenye kona ya pili iliyopakana na bafu. Hapo sauti ikageuka, ikawa ya kitu kitupu. Akachukua tindo na nyundo.

Bomba halikupita chini ya sakafu hata kidogo. Yule fundi wa kwanza, kwa uvivu wa kuchimba, alikuwa amechonga mfereji ndani ya ukuta, akalilaza bomba humo, akalifunika na plasta. Na pale lilipopinda kutoka bafuni kuingia ukutani, kiungo chake kilikuwa kimechomekwa tu. Fundi Mgaza alikishika kwa vidole viwili, kikatoka bila kulazimishwa. Ndani yake mlikuwa na nywele zilizosokotana na sabuni, nyekundu za hina.

"Hakuna gundi," alisema. "Hata tone. Maji yanatoka hapa, yanashuka kwenye mfereji chini ya bomba, yanafuata mteremko mpaka kule mwisho. Kule mfereji umekwisha, basi yanatoka."

"Yanatoka tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza ulipooga, Mama. Ila ukuta wa udongo na chokaa hunywa kwanza. Huu umekunywa mwaka na zaidi mpaka umeshiba, ndipo ukaanza kutapika."

Bi Shamsa akaomba kigoda akakaa. Kila alipokuwa akioga kujitakasa kwa ajili ya sala, alikuwa anamtengenezea Tausi kesi. Alioga asubuhi siku ile ya Ijumaa pia. Alilia mbele ya fundi, mtu asiyemjua, naye Fundi Mgaza akajifanya anatafuta msumeno wake kwenye mkoba.

Akakata kipande cha bomba kilichoharibika, akasafisha ncha zote mbili, akazipaka gundi, akaunga kiungo kipya, akakishikilia akihesabu kimoyomoyo. Kesho yake alimwaga ndoo kumi bafuni, na wote wawili wakasimama kwenye ukuta uliopasuliwa wakitazama. Halikuja tone. Bi Shamsa akataka plasta ipigwe siku ile ile, asione tena ule ufa mrefu. Fundi akakataa. Alisema ukuta ulionyweshwa mwaka mzima haukauki kwa siku moja, na akiufunika leo atayafungia maji ndani. Ukakaa wazi wiki tano.

Ulipokauka na kupigwa plasta, Bi Shamsa alivaa buibui lake akapita nyumba kwa nyumba. Alianza kwangu.

"Wewe ulikuwepo nilipomtukana," alisema. "Njoo uwepo nikimwomba radhi."

Hakuna hata mmoja aliyekataa, na hiyo ndiyo sifa pekee ninayoweza kutupa. Tulikwenda kwa miguu wanawake saba hadi Mabawa, mimi nikiwa na tumbo mbele, mwezi wangu umekaribia. Tukamkuta Tausi nyuma ya nyumba ya watu, anakamua shuka. Alikuwa amekonda. Beseni zilikuwa mbili tu, na zamani alikuwa na tano. Alipotuona alisimama, akarudi nyuma hatua moja, nami nikajua anafikiri tumekuja kumwongezea.

Bi Shamsa hakungoja kukaribishwa. "Tausi, siku ile uliapa kweli. Maji yalikuwa yangu, ya bafu langu. Mwongo nilikuwa mimi, na hawa wote nimewaleta wasikie. Nisamehe, mwanangu."

Tausi aliiweka shuka kwenye beseni. Povu lilimkauka mikononi. Kisha akasema, "Nimekusamehe, Bi."

"Basi rudi. Chumba chako kipo. Sijampa mtu, wala sitampa. Ukuta umetengenezwa, umekauka kabisa."

"Ukuta umekauka, Bi," alisema Tausi. "Mimi bado."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayekueleza kwamba nguo zako haziko tayari. Kisha akainama, akaendelea kukamua shuka, na sisi tukasimama pale hatujui mikono yetu tuiweke wapi.

Tulirudi Ngamiani. Wiki ile ile nguo zetu zilirudi kwa Tausi, na za jirani zetu, na beseni zikarudi kuwa tano. Jina lake lilisafishika. Lakini yeye hakurudi barabara ya kumi na saba, wala hatukuwa na uso wa kumwuliza tena. Bi Shamsa alikuwa akienda Mabawa kila Ijumaa baada ya sala. Alibeba kigoda chake, akakaa karibu na beseni, akamtazama Tausi akifua. Walizungumza kidogo, habari za jua na sabuni. Magharibi akarudi na kigoda chake. Miaka minne alifanya hivyo.

Mwaka wa tano miguu ikamshinda. Magoti yalimvimba, na safari ya Mabawa ikawa haiwezekani. Sisi majirani tukaanza kumhudumia, labda kwa kuwa tulikuwa na deni la kukaa kimya. Huyu alileta majani ya mwarobaini, yule alileta mafuta ya nyonyo, mwingine alileta daktari. Dawa zilijaa dirishani, na magoti hayakupungua.

Asubuhi moja ilikuwa zamu yangu. Nilimkuta amelala ameelekeza uso kwenye ukuta wa chumba cha Tausi, macho yako wazi, anasikiliza kama mtu anayengoja kugongewa. Nikakaa kitandani, nikayapasha mafuta mkononi, nikaanza kumsugua magoti, huku namwambia habari za dawa mpya niliyoisikia, kwamba hii sasa ndiyo yenyewe, wiki moja tu atasimama.

Alinigeukia, akautazama mkono wangu unavyokwenda na kurudi. Akauwekea mkono wake juu, ili niache.

"Unasugua magoti, mwanangu," alisema. "Penye doa sipo penye tundu."